Nani Kawapunguza Nyuki wa Bibi

Jumatatu, 2 Machi

Mwanangu ndiye! Huyu huyu niliyemzaa mimi, ndiye kuanzia leo atakayeamua nani awe na nguvu na nani apunguzwe makali katika ule mchezo wa simu ambao kila mwenye kidole anaucheza. Kampuni imempa yeye. Cheo chenyewe kirefu, nimeshakisahau, lakini maana yake nimeishika: yeye ndiye mwenye mizani. Mpiganaji akiwazidi wenzake kupita kiasi, anamshusha. Akionewa sana, anampandisha. Watu wazima wenye ndevu zao na wake zao wanangoja mkono wa mwanangu.

Haya, sasa tusalimiane. Habari za leo, daftari. Mimi mzima, goti tu linasumbua. Mvua imeanza leo asubuhi, nguo za watu zimejaa kambani na hakuna hata soksi iliyokauka, na kwa mara ya kwanza tangu nianze udobi sijali.

Binti alinionya. "Mama, hili usimwambie mtu. Kampuni haitaki watu wajue nani anagusa nini."

"Mimi? Si unaujua mdomo wangu?"

"Naujua. Ndiyo maana nakwambia."

Pasi haijapata moto, nilikuwa nimeshamwambia Kinyozi. Lakini Kinyozi si mtu wa nje. Mimi na yeye ukuta mmoja, taulo zake zote nazifua mimi, na akikohoa huko kwake mimi huku nasema pole. Ukimficha mtu kama huyo jambo jema, utamwambia nani?

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Nimemwambia na Nesi alipoleta sare zake. Na mwenye duka la rangi. Basi, hao tu.

Jumamosi, 7 Machi

Nimepewa jina. Mama Mizani.

Ni Kinyozi aliyenipa. Jumamosi jioni kwake panajaa. Ana skrini kubwa ukutani, anaunganisha simu hapo, na mtaa mzima unakuja kupambana naye. Yeye kila siku anamchagua Bibi Mizinga. Huyo ni kizee katika mchezo, ana gongo mkononi na mzinga begani, na akikurushia nyuki hao wanakufuata wenyewe popote uendapo mpaka uanguke. Kinyozi na huyo bibi ni chanda na pete. Hajafungwa na mtu wa mtaa huu tangu aipate hiyo skrini, na anavyotamba utadhani nyuki kawafuga mwenyewe.

Nilipoingia na taulo zake akasimama kwenye kiti cha wateja. "Jamani, mpisheni Mama Mizani! Huyu ndiye aliyemzaa anayetupimia!"

Wakanipigia makofi. Wakanipisha na taulo zangu. Mimi nikajifanya naona haya.

"Mwambie binti amwongezee Bibi sumu kidogo," Kinyozi akasema.

"Mwanangu hapokei maombi ya vinyozi," nikamjibu, na nyumba nzima ikacheka.

Nimerudi na kubandika picha ya mwanangu ya mahafali juu ya meza ya pasi, ile kubwa, yenye joho. Kila mteja akiinua macho ataiona.

Jumatano, 11 Machi

Mvua tena. Ukungu umeanza kushika kola za mashati. Binti karudi amechoka, kala amesimama, kalala.

Ijumaa, 13 Machi

Leo Kinyozi kaingia kwangu na mashine mkononi inanguruma, nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja anamfuata kama mbuzi.

"Mama Mizani, ni nini hiki?"

"Nini nini?"

"Bibi! Kamuua Bibi! Nyuki wanaruka kidogo tu wanarudi mzingani, utadhani wamesahau mlango! Toka asubuhi napigwa na watu ambao sijawahi hata kuwakumbuka sura!"

Nikamwambia asipige kelele kwenye nguo za watu. Akanionyesha simu. Kampuni imetoa tangazo, nami nalinakili hapa lote kwa sababu ni fupi kuliko risiti yangu ya udobi: "Kwa mujibu wa data zetu, Bibi Mizinga amerekebishwa. Asanteni kwa kuendelea kucheza nasi." Mwisho. Hakuna data gani, hakuna kwa nini, hakuna poleni.

"Data zipi?" Kinyozi akaniuliza, kama vile ninazo mfukoni mwa aproni.

"Mwanangu anajua anachofanya."

"Basi aseme! Mtu akikukata mguu si akwambie ulikuwa na donda gani?"

Mteja wa nusu kichwa akasema, "Kinyozi, mimi nina usaili wa kazi."

Nimemtetea mwanangu mpaka sauti ikakauka. Lakini nikiandika sasa nakiri kwamba nilikuwa namtetea kwa mikono mitupu. Sikuwa na neno hata moja la kuweka mezani. Na hilo linaniudhi kuliko kelele za Kinyozi.

Jumamosi, 14 Machi

Kinyozi kafungwa mbele ya mtaa. Na fundi baiskeli! Sikualikwa, nimesikia ukutani.

Jumatatu, 16 Machi

Nimemkalisha binti chini akiwa anakula. "Nieleze. Bibi wa watu kakosa nini?"

"Mama, siwezi kukuonyesha."

"Mimi mama yako."

"Wewe hasa." Halafu akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. Akasema namba zipo, nyingi, nzuri, na kazi yake aliifanya kwa uangalifu. Ila kampuni hairuhusu zitoke. Bosi anasema wenye michezo mingine wataziiba, na wachezaji watazisoma vibaya.

"Kwa hiyo wewe unatukanwa na majibu yako yamefungiwa kabatini?"

"Hawajui kuwa ni mimi. Hawamtukani mtu, wanatukana kampuni."

Nikaangalia sahani. Nimejisikia kama mtu aliyeacha pasi kwenye nguo na sasa ananusa.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua haijakata siku zote hizi. Kamba iliyo chini ya bati ni moja tu, na nguo inayokaa hapo ndiyo inayokauka, nyingine zinalowana mara mbili. Sare za Nesi na wenzake nimezitanguliza. Taulo za Kinyozi zimekuwa za mwisho.

Kaja kuzichukua, akazikamua mbele yangu, maji yakatiririka.

"Kwa nini zangu zimekuwa za mwisho?"

"Mwenye kamba ndiye anayejua."

"Aaa. Kwa mujibu wa data zako."

Kaondoka nazo hivyo hivyo, mbichi. Nilitamani kumrushia beseni.

Jumapili, 22 Machi

Leo herufi zitakuwa mbaya, zisomeke hivyo hivyo.

Jana jioni, baada ya Kinyozi kufungwa tena, maneno yakawa mengi huko kwake. Mmoja akauliza, kwani huyu muuaji wa Bibi ni nani hasa? Kinyozi, mwenye hasira zake, akanyoosha kidole ukutani kwangu: "Picha yake hiyo hapo kwa dobi, nendeni mkamwone." Mtu akaja kwangu akajifanya anaulizia suruali. Mimi nikaenda nyuma kuitafuta suruali ambayo haipo. Yeye akapiga picha ile picha.

Leo asubuhi imesambaa katika makundi yote ya wachezaji. Mwanangu na joho lake, anatabasamu, na chini yake wameandika: "Huyu ndiye aliyewapunguza nyuki." Halafu maneno. Sitayaandika. Mengine yanahusu sura yake, mengine yanahusu mimi niliyemzaa, mengine yanasema watamngoja njiani. Kwa ajili ya nyuki wa uongo! Nyuki ambao ukizima simu hawapo!

Binti ndiye aliyenionyesha. Hakulia. Alikaa kitandani na kanga begani, akawa anasukuma kwa kidole, anasukuma, na maneno hayaishi. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mama, hii picha si ile yangu uliyoitundika sebuleni?"

Nikasema, "Niliihamisha."

"Uliihamishia wapi?"

Nimejifungua mara moja maishani mwangu na uchungu ule nilidhani ndio mwisho wa uchungu.

Nimeibandua. Nimekwenda kwa Kinyozi moja kwa moja, mvua inanipiga, na sikuchagua maneno. Nilimwita kila kitu. Nilimwambia mtu mzima anayelilia katuni avae nepi. Nilimwambia kidole kile kile alichonyoosha ndicho alichokuwa ananilia nacho chumvi akiishiwa. Wateja wakainamisha vichwa wenyewe bila kuambiwa. Yeye akawa anafuta mashine, anafuta, mashine ilikuwa safi zamani.

"Sikujua kama watapiga picha," akasema.

"Na mimi sikujua kama wewe ni domo kaya."

"Mimi? Nani alinipa habari yenyewe?"

Nikamfungia mlango wake mwenyewe kwa kishindo. Hasira yangu ilikuwa haina pa kukaa. Kila nikiitua kwa mtu, inanirudia.

Jumatatu, 23 Machi

Nimekwenda ofisini kwao. Ndiyo, mimi, na viatu vyangu vya mvua.

Nyumba yao ni ya vioo, ndani wamepanda majani ya plastiki. Mlinzi akauliza nina miadi na nani. Nikamwambia nina miadi na aliyeandika "kwa mujibu wa data zetu". Akanipitisha, nadhani kwa kuogopa.

Bosi wao ni kijana anayevaa kandambili kazini. Nimempa jina papo hapo, Bosi Kandambili. Mpole, tabasamu kama la muuza sabuni.

"Karibu, Mama. Chai?"

"Sikuja kunywa. Nimekuja kuuliza kwa nini watu wanamtukana mwanangu badala ya kukutukana wewe."

Akasema wanalifuatilia, wameshaomba picha iondolewe. Akasema wanasikitika.

"Waonyesheni namba. Semeni Bibi kapunguzwa kwa sababu hii na hii. Mtu akijua sababu atabishana na sababu. Asipoijua anamtafuta mtu."

"Mama yangu, zile namba ni nyingi. Watu hawatazielewa. Kila mmoja atachomoa kipande kinachompendeza atupige nacho."

"Na sasa hivi wanawapiga na nini, maua?"

Wafanyakazi waliokuwa karibu wakainamia kompyuta zao. Nikaona mabega yanacheza.

"Na kuna wenzetu wa michezo mingine. Tukiweka kila kitu nje..."

"Sijasema kila kitu. Mimi nikiunguza shati la mtu, simpi siri ya sabuni yangu. Lakini simwambii pia 'kwa mujibu wa pasi'. Namwambia, lilikuwa jepesi, moto ulizidi, nimekosea. Anagomba, anaondoka, wiki ijayo anarudi. Yule niliyewahi kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa ndiye hakurudi tena."

Nikadhani nimempata. Kisha akasema, polepole, bila ubaya, na ndiyo maana iliniuma: "Mama, sisi jina lake tulilificha. Ukutani alibandikwa na nani?"

Mimi. Ukutani alibandikwa na mimi!

Nikageuka, na binti amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi.

"Mama," akasema. "Nenda nyumbani."

Jumanne, 24 Machi

Hasemi nami. Nimemnyooshea nguo zake zote, hata zilizonyooka.

Jumatano, 25 Machi

Hasemi.

Alhamisi, 26 Machi

Kasema! Na alichosema kimenitoa jasho.

Leo aliingia kwa Bosi Kandambili, akamwambia hivi: "Jina langu liko nje, namba ziko ndani. Ama vyote viwili viwe nje, ama nitoke mimi." Mwanangu! Mtoto ambaye alikuwa hawezi hata kumwomba konda chenji!

Bosi hakumjibu siku nzima. Jioni akamwita. Akasema sawa, tujaribu. Atafute watu wa kawaida wanaoucheza mchezo, awaonyeshe namba zote zilizomfanya ampunguze Bibi, na bosi mwenyewe atakaa nyuma asikilize. Watu wakielewa, kuanzia hapo kila badiliko litatoka na namba zake, kwa wachezaji wote. Ikigeuka vurugu, kabati linafungwa, na binti atafute kazi nyingine.

"Watu wa kawaida utawapata wapi?" nikamuuliza.

Akaniangalia. "Mama Mizani," akasema, "si unajulikana mtaa mzima?"

Hajanisamehe. Lakini kanitania, na mimi nimechukua hilo nikaweka kifuani.

Jumamosi, 28 Machi

Kwa Kinyozi kimya. Nimechungulia. Kazima skrini. Jumamosi jioni, na kaizima! Watu walikuja, akawaambia nendeni makwenu.

Bado nimemkasirikia. Lakini kidogo chini ya jana.

Jumapili, 5 Aprili

Asubuhi binti kaleta kompyuta mezani, kaniambia, "Wewe uwe wa kwanza. Ukielewa wewe, wote wataelewa." Sijui alinisifu au alinitukana, nimechagua alinisifu.

Mara ya kwanza sikuelewa. Mistari, rangi, vitone. Nikasema ndiyo, ndiyo. Akasema, "Mama, unanidanganya." Akaanza upya, na hapo ikaniingia.

Ni hivi. Nyuki wa Bibi wanafuata wenyewe. Mwenye simu nzuri na mtandao wa kasi anaweza kukwepa kwa wakati, kwa hiyo kati yao Bibi si tishio kubwa, anashinda anashindwa. Lakini mwenye mtandao wa kusuasua, anayechezea bando la siku moja, akibonyeza kukimbia mchezo unamsikia baada ya nyuki kufika. Katika kumi wa namna hiyo, tisa wanakufa. Na kinachofuata ndicho kilichonikata maini: wakishapigwa hivyo mara chache hawalalamiki, hawaandiki popote, wanaufuta mchezo kimya kimya. Kelele zote zilizopo ni za waliobaki. Waliokuwa wanaonewa walishaondoka, hakuna wa kuwasemea isipokuwa hizo namba.

Nikapiga meza. "Na hili ndilo wamelificha? Hili lingefanya watu wakubebe juu juu!"

Hapo nikakumbuka kitu, nikamuuliza, "Kinyozi mtandao wake ni wa nini?"

"Ule wa waya. Uliovutwa dukani."

Na wanaokuja kupigana naye wanatumia bando. Jumamosi zote zile! Bingwa wa mtaa, kumbe bingwa wa waya! Nimecheka peke yangu mpaka binti akaniuliza kama niko sawa.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua imepungua kidogo. Kinyozi kaja na taulo, kasimama nje ya mlango, haingii.

"Ingia, mvua inanilowanishia mlango."

"Dada, nimekuja kuomba radhi. Si kwako tu. Na kwake."

"Njoo Jumapili umwombe mwenyewe. Kuna kitu atakuonyesha na hutakipenda."

Taulo nimezipokea. Nimezitundika chini ya bati. Na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niandike ukweli: zile siku, sare za Nesi zilistahili kutangulia, hiyo ni sababu nzuri na ningeweza kuisema mbele ya yeyote. Lakini nafasi ya taulo mbili tatu ilikuwepo. Niliiacha wazi makusudi, ili kumkomoa. Ningeandika sababu mahali pa kusomwa na watu, ningelazimika kuandika na kisirani changu.

Jumapili, 12 Aprili

Kinyozi kaja, kaomba radhi, binti kaitika kwa kichwa bila kumwangalia. Halafu akamfungulia kompyuta.

Alivyobisha! Alikataa la kwanza, akakataa la pili. "Mimi nashinda kwa mkono! Uliza mtaa!" Alipofika kwenye habari ya waya na bando akakuna kidevu chake alichokinyoa mwenyewe vibaya. "Fundi baiskeli anatumia bando," akasema taratibu. "Alikuwa anasema simu imeganda. Tulikuwa tunamcheka."

Nilitaka kupiga vigelegele. Kumbe Kinyozi hajamaliza.

"Sawa. Mmewapunguza nyuki, wenye bando wamepona. Nimekubali. Sasa hawa wenye kasi, hawa ambao ulisema Bibi kwao hakuwa tishio. Kwao Bibi yuko wapi sasa?"

Binti akafungua ukurasa mwingine. Akaangalia. Akafungua wa wiki iliyofuata. Nikamwona shingo inabadilika, naijua hiyo shingo tangu akiwa na miezi sita.

"Hakuna anayemchagua," akasema. "Popote."

"Si nilisema? Amekufa."

"Nilikata kwa wote sawasawa. Nilipaswa kukata kufuatana na mtandao. Nilikuwa naangalia walioondoka tu, sikurudi kuangalia waliobaki." Akafunga kompyuta. "Nimekosea."

Kinyozi hakushangilia. Hilo nampa. Aliinuka, akasema, "Lakini nusu yako ilikuwa kweli, mwanangu," akaenda zake.

Jumatatu, 13 Aprili

Leo nimemkasirikia mtu ambaye sikumtegemea.

Asubuhi nilimwambia binti, kwa sauti ya chini kama mwizi, "Ule ukurasa wa mwisho si lazima uuonyeshe. Waonyeshe wa wenye bando, inatosha, watakubeba. Huo mwingine urekebishe taratibu wakati watu wamelala."

Akaweka kikombe. "Kwa nini nisiuonyeshe?"

"Watausoma vibaya. Watachomoa hicho kipande tu wakupige nacho."

Akaniangalia. Nilijisikia mwenyewe, neno kwa neno, na kandambili miguuni.

Nimeshinda nimechukia. Nimemchukia bosi kwa sababu sasa namwelewa, na ukimwelewa mtu unakosa raha ya kumchukia vizuri. Haogopi wezi wa michezo yule. Anaogopa ukurasa wa mwisho, kama mimi. Na nimejichukia kwa sababu nilipiga meza za watu nikidai namba zitoke, wakati nilichotaka ni zitoke zinazomsifu mwanangu. Zikianza kumsema, nikatafuta kabati.

Jioni nimemuuliza, "Na ukifukuzwa?"

"Nitakuja kukusaidia kunyoosha."

"Hujui kunyoosha. Unaacha mikunjo kwenye mikono."

"Basi utawaambia wateja kwa nini mashati yao yana mikunjo."

Tumecheka, na mimi machozi yakanitoka, nikasingizia mvuke wa pasi.

Jumatano, 15 Aprili

Jua! Nguo zote zimekauka.

Nimenunua ubao, nimeutundika pale ilipokuwa picha. Nimeandika: "Zinatangulia sare za hospitali. Zinafuata za shule. Nyingine kwa zamu ya kufika. Mwezi uliopita taulo za Kinyozi zilicheleweshwa kwa hasira za dobi."

Mwenye duka la rangi kausoma, akabisha palepale kwamba mashati yake nayo ni sare. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Wengine watatu wamebisha. Kelele haikupungua, imezidi! Lakini wote wamebishana na ubao. Hakuna hata mmoja aliyesema nina roho mbaya, isipokuwa Kinyozi, na yeye ana ushahidi wa maandishi.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimezunguka mtaa wote na goti langu bovu. Nimemwalika fundi baiskeli, na Nesi, maana naye anacheza akiwa zamu, na yule wa suruali isiyokuwepo, aliyepiga picha. Ndiyo, na yeye. Nimemkuta kwao, kanywea kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Nimemwambia, "Ulitaka kujua nani kawapunguza nyuki. Njoo umwone akiwa hai, na umuulize mwenyewe." Kinyozi atahamishia skrini kwangu, na kaapa kuuchomoa ule waya, wote watumie bando sawa. Bosi Kandambili kakubali kuja, nimemwekea kiti nyuma karibu na mashine ya kufulia, mahali anapotaka, ila nimemtahadharisha kwamba sakafu inateleza.

Binti kaandaa kurasa. Nimemwomba anipe mpangilio. Kanipa. Ule wa makosa yake kauweka wa kwanza.

Nilitaka kusema kitu. Nikashika mdomo kwa mkono, kwa vidole kabisa, yeye akaona, akatabasamu.

Mambo yanaweza kuharibika. Wanaweza kumzomea, bosi akafunga kabati, unga ukamwagika, na mimi nikabaki na binti asiyejua kunyoosha. Wakimzomea watamzomea nikiwepo, na wakimaliza kumzomea nitawaambia nilichokuwa nawaambia tangu mwanzo, kwamba huyu nimemzaa mimi. Safari hii nikiwa na mengi zaidi ya kujivunia kuliko joho.

Mlango utakuwa wazi, viti vya kuazima vimeshafika. Ni Jumamosi hii, tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi.